Msafara wa Zawadi za Krismasi: Pikipiki Ziishie Wapi?

Pikipiki 100 zikienda kilomita 50 kwa saa, kila moja ikiachana na ya mbele yake kwa sekunde moja, mstari wao unakaribia mita 1,400. Kiongozi anapovuka taa za barabarani, wa mwisho hata hizo taa hajaziona. Inapendeza kutazama: dubu wa manyoya amefungwa kwenye kiti cha abiria, kofia nyekundu juu ya helmeti, honi zinajibizana. Zawadi zilizobebwa ni za watoto walio chini ya uangalizi, yaani waliotolewa kwao kwa amri ya mahakama au kwa uamuzi wa ustawi wa jamii, wakapelekwa kwa familia za kulea, kwa ndugu, au kwenye makao. Mabishano yanaanzia hapo: je, mstari huo umalizikie mlangoni kwa watoto hao?

Upande mmoja unasema lazima, maana mtoto aliyehamishwa mara tatu kwa mwaka anahitaji kuona kwa macho yake kwamba kuna watu wamefunga safari kwa ajili yake. Upande wa pili unasema shughuli nzima ni maonyesho ya watu wazima, na mtoto ni pambo tu. Wa kwanza wanaitetea hata sehemu isiyoteteeka, na wa pili wanataka kuling'oa hata lile linalofaa.

Kukusanya vichezeo kwa ajili ya Krismasi si jambo lililobuniwa na waendesha pikipiki. Kampeni ya Toys for Tots ilianzia Los Angeles mwaka 1947, chini ya Meja Bill Hendricks wa kikosi cha akiba cha Wanamaji (Marine Corps) wa Marekani, na mwaka huo wa kwanza ilikusanya vichezeo 5,000. Mwaka uliofuata ikasambaa nchi nzima. Kanuni yake moja, iliyokuja baadaye, imekuwa nguzo ya shughuli za aina hii: kichezeo kiwe kipya, na kisiwe kimefungwa kwa karatasi ya zawadi. Klabu za pikipiki zilipojiunga na kazi hii ziliongeza kitu ambacho sanduku la kukusanyia lililowekwa pembeni mwa duka halina, nacho ni kelele, kwa maana zote mbili za neno hilo: shamrashamra inayowavuta watu, na mngurumo wenyewe.

Tuanze na maana nzuri. Ukimwomba mtu atoe mchango ofisini, atakuahidi wiki ijayo. Ukimwambia hakuna kuondoka Jumapili saa nne bila zawadi yenye thamani fulani, atakuja nayo, na huenda akaja na mbili. Msafara unaipa huruma tarehe na saa. Unawaleta pia watu ambao hawajawahi kukanyaga mkutano wowote wa hisani: fundi, dereva wa lori, kijana aliyenunua pikipiki mwezi uliopita. Baadhi yao ndio watakaobaki mwaka mzima wakikarabati vitanda vya makao, wakisafirisha fanicha, wakichangia ada. Afisa ustawi wa jamii mwenye bajeti finyu hawezi kuudharau mtaji huo wa mikono.

Hoja ya mafuta, ile inayosema kwamba hela zilizochomwa barabarani zingetosha kununua zawadi nyingine, ni dhaifu. Mtu asiyeendesha siku hiyo hapeleki pesa ya mafuta kwa watoto. Anakaa nayo.

Hoja nzito ya wapinzani inaanzia getini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inataka watoto hawa walindwe wasinyanyapaliwe, ikiwa ni pamoja na kupunguza kadiri iwezekanavyo yale yanayowatambulisha kuwa ni watoto wa uangalizini. Sasa chukua familia inayolea watoto wawili kwenye mtaa wa kawaida, ambako jirani anadhani ni wapwa. Pikipiki 40 zikipanga foleni mbele ya nyumba hiyo, zikipiga resi, Baba Krismasi akashuka na gunia, siri imekwisha. Kesho yake shuleni mtoto ataulizwa kwa nini watu wale walikuja kwao.

Wakati mwingine siri hiyo ni usalama wenyewe. Wapo watoto ambao anwani yao imefichwa kwa makusudi ili mzazi au ndugu mwenye historia ya ukatili asiwapate. Picha moja mtandaoni, ikionyesha pembe ya ukuta na namba ya nyumba, inatosha kuvuruga kazi ya miezi. Kuziba uso wa mtoto kwa emoji hakusaidii sana wakati sare ya shule, mbwa na rangi ya geti vinaonekana. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja faragha ya mtoto katika ibara ya 16, na hauna kipengele kinachosema isipokuwa siku ya Krismasi.

Kuna na kelele yenyewe. Mtoto aliyezoea kwamba sauti kubwa ya wanaume mlangoni huwa inafuatwa na kipigo hasikii shangwe kwenye eksozi iliyotobolewa. Mwili wake unatangulia kuogopa kabla akili haijauliza ni akina nani. Wengine watacheka na kukimbilia pikipiki, kweli, na hao ndio wanaopigwa picha. Aliyejificha chini ya kitanda haonekani kwenye albamu, kwa hiyo mwaka unaofuata klabu inaamini kwa moyo mweupe kwamba watoto wote walifurahi.

Krismasi kwa mtoto wa uangalizini ni siku yenye uzito wake. Huenda asubuhi alitakiwa kumwona mama kwa saa moja, chini ya usimamizi, na mama hakutokea. Mgeni mwenye zawadi anayemtaka achangamke saa nane mchana anamwongezea kazi.

Watetezi wa kwenda mlangoni hupenda kutoa mfano wa Bikers Against Child Abuse, shirika lililoanzishwa Utah, Marekani, mwaka 1995 na John Paul Lilly, mtaalamu wa ustawi wa jamii aliyekuwa akifanya kazi na watoto walionyanyaswa. Waendesha pikipiki wa huko wanakutana na watoto ana kwa ana, na wengine husindikizwa nao hadi mahakamani. Mfano ni mzuri, ila unasema kinyume cha wanachotaka useme. Wanachama wake huchunguzwa kumbukumbu zao za uhalifu, hupitia kipindi cha mafunzo, na uhusiano na mtoto haukatiki siku ya pili. Msafara wa siku moja hauna hata kimoja kati ya hivyo. Haiwezekani kuchunguza watu 100, nusu yao wakiwa wamejiandikisha asubuhi hiyohiyo kwenye meza ya chai.

Basi msafara uishie ghalani. Ghala, ukumbi, ofisi ya ustawi, popote penye meza ndefu na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Kutoka hapo zawadi ziondoke kimya, kwenye gari la kawaida, mikononi mwa watu ambao mtoto anawajua. Hilo lina faida ambayo wengi hawaifikirii: mlezi anapotoa zawadi kwa mkono wake, inamjenga yeye kwa mtoto. Pengine afisa ataona ni bora ipitie kwa mzazi aliyeruhusiwa kumwona mtoto wake lakini hana kitu mfukoni, ili naye aingie chumbani akiwa na kitu cha kutoa. Klabu haitajua kamwe, na kibandiko cha nembo yake hakipaswi kuwa juu ya boksi hilo.

Upinzani wa waendeshaji kwa mpango huu unaeleweka. Watu wanataka kuona. Ukiwaambia mwisho wa safari ni ghala lenye afisa mwenye kalamu, mwaka ujao watapungua. Njia ipo: msafara upite mahali pa wazi palipotangazwa, uwanja au barabara kuu, familia zote za eneo zialikwe kutazama, na walezi wanaotaka wawalete watoto wao wasimame katikati ya wengine. Hapo mtoto anapunga mkono kama jirani yake anavyopunga. Anayeogopa kelele anabaki nyumbani bila kuulizwa. Mwendeshaji naye anaona watoto 300 wakishangilia, asijue ni nani kati yao atakayefungua boksi lake.

Zawadi zenyewe zina ugonjwa wao, na ugonjwa huo unatokana na pikipiki. Mtu hununua kinachopendeza kikifungwa juu ya tangi au kwenye kiti cha nyuma: dubu mkubwa, gari la plastiki, mpira. Kadi ya ununuzi haionekani, wala pochi, wala spika ndogo za masikioni. Matokeo yake ni mlima wa vitu vya watoto wa miaka minne hadi minane, halafu kijana wa miaka 15 anapewa soksi na kitabu cha kupaka rangi. Dawa ni kugawa umri wakati wa kujiandikisha: mwenye namba shufwa alete ya miaka 12 hadi 17, mwenye witiri ya chini ya hapo, na mwenye dubu aambiwe mapema kwamba dubu ni pambo la barabarani, anarudi naye nyumbani.

Orodha iombwe kwa afisa mwezi Septemba, isiyo na majina. Mstari mmoja unatosha, wenye namba ya orodha badala ya jina: «M-14, miaka 9, anapenda kuchora, nguo za miaka 10 hadi 11.» Watoto wanaoishi nyumba moja, wakiwemo wa kuzaliwa wa mlezi, wawekewe thamani inayolingana, kwa sababu zawadi mbili zisizolingana chumba kimoja huleta vita kabla ya chakula cha mchana. Begi imara lenye magurudumu lipewe nafasi ya juu kwenye orodha ya vijana. Watoto wengi wa uangalizini huhamishwa vitu vyao vikiwa kwenye mifuko ya takataka, na ujumbe wa mfuko huo hawausahau.

Vinavyokataliwa vitajwe waziwazi kwenye tangazo. Vya manyoya vilivyotumika havipokelewi, kwa sababu ya wadudu na harufu. Bunduki za kuchezea hapana. Simu na tableti hazitolewi bila ofisi kukubali, maana kifaa chenye intaneti kinaweza kumkutanisha mtoto na mtu ambaye mahakama imemzuia, au kuonyesha mahali alipo. Kwa watoto chini ya miaka mitatu, kipande chochote kinachoingia kwenye silinda ya kupimia yenye kipenyo cha milimita 31.7 ni hatari ya kukaba koo. Asiye na kipimo hicho atumie kiini cha karatasi ya chooni: ni kipana kidogo kuliko silinda, kwa hiyo kinachopita humo kitengwe. Betri za kitufe, zile ndogo bapa za mviringo, ndizo mbaya zaidi. Ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hivyo kila kichezeo chenye betri hiyo kikaguliwe kama kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu. Sumaku ndogo zenye nguvu zinafuata: mbili zikimezwa kwa nyakati tofauti hubanana ukuta wa utumbo ukiwa katikati.

Ukaguzi huu ndio sababu ya ile kanuni ya kutofunga karatasi, na ndio sababu msafara wa tarehe 20 Desemba ni wa kuchelewa. Piga hesabu ya zawadi 200, dakika tano kila moja za kukagua, kuandika lebo, kuweka betri za kawaida na kufunga. Ni dakika 1,000, karibu saa 17 za mtu mmoja, au chini ya saa tatu kwa watu sita waliojipanga. Kisha magari ya ofisi yanazunguka siku kadhaa. Jumapili ya mwisho ya Novemba ni bora. Anayelalamika kwamba Novemba haina ladha ya Krismasi apewe kazi ya kufunga boksi usiku wa tarehe 23, ataelewa.

Barabarani, makosa hujirudia kila mwaka. La kwanza ni kuwaachia watu 100 waende kama kundi moja. Motorcycle Safety Foundation, taasisi ya usalama wa pikipiki ya Marekani, inashauri vikundi vya pikipiki tano hadi saba, na ushauri huo unafaa popote: kila kikundi kiwe na kiongozi na mfunga mkia wake, wote wawili wakiijua njia, na kati ya kikundi na kikundi pabaki nafasi ya gari kuingia na kutoka. Ndani ya kikundi watu waende kwa kupishana kulia na kushoto, sekunde moja kutoka kwa aliye upande wa pili, sekunde mbili kutoka kwa aliye mbele moja kwa moja. Kwenye kona, kokoto au barabara nyembamba, mstari uwe mmoja.

Mgeni asiwekwe mkiani. Mstari wa pikipiki huvutika na kubanana kama kodiani: wa mbele akipunguza kidogo, wa nyuma anakanyaga breki kwa nguvu, wa mbele akiongeza kidogo, wa nyuma anakimbia kupita kiasi ili asiachwe. Mwenye leseni ya juzi akae nyuma ya kiongozi, ambapo mwendo umetulia. Na kila mtu awe na ramani ya vituo, ili taa nyekundu ikikata kikundi asiwepo wa kuilazimisha. Msafara unaosubiriana kwenye kituo kinachojulikana hauna haja ya mtu kusimama katikati ya makutano akizuia magari, jambo ambalo katika nchi nyingi ni kazi ya polisi peke yao. Kibali kiombwe mapema, na kampuni ya bima iulizwe kwa maandishi kama safari ya kundi inaingia kwenye sera. Neno «mbio» lisionekane hata kwenye bango, kwa kuwa sera nyingi hazigusi mashindano.

Mzigo nao una tabia zake. Boksi likikaa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma linainua la mbele, usukani unakuwa mwepesi na kwa mwendo wa kasi unaanza kutikisika. Kizito kikae chini na karibu na mwendeshaji, kwenye mikoba ya pembeni, uzito ukilingana pande mbili, na upepo wa tairi upimwe likiwa la baridi kulingana na maelekezo ya kubeba mzigo. Mipira yenye ndoano inaponyoka na kurukia jicho, kwa hiyo mkanda wenye kifungo cha kukaza ni salama zaidi, na ncha yake inayoning'inia ifungwe. Ncha hiyo ikifika kwenye cheni inavutwa mpaka kwenye sproketi, na tairi la nyuma linaweza kukwama pikipiki ikiwa mwendoni. Manyoya yakigusa eksozi yanayeyuka na kunata. Kabla ya kuondoka mtu asimame hatua kumi nyuma ya kila pikipiki aangalie kama taa ya breki, indiketa na namba vinaonekana. Ukaguzi huo hauchukui sekunde 20, lakini mara nyingi unarukwa kwa sababu watu wanapiga picha.

Vazi la Baba Krismasi livaliwe juu ya jaketi la kinga, wala lisichukue nafasi yake. Kitambaa chepesi cha poliesta kikisuguana na lami kinayeyukia ngozini. Ndevu hupeperuka na kuziba macho, kwa hiyo zisubiri kituoni. Mikono mipana ya joho ifungwe kwa utepe kwenye kifundo ili isinase kwenye wenzo wa klachi. Taa za mapambo ziwe za LED, maana za balbu za zamani zikiunganishwa kwenye betri wakati injini inazunguka polepole pikipiki ikiwa imesimama hunyonya zaidi ya inavyochajiwa, na pikipiki itagoma kuwaka mahali pabaya. Injini zinazopozwa kwa upepo hazipendi mwendo wa maandamano: joto linapanda, klachi inayoshikiliwa nusu inaungua. Baada ya kila dakika 20 za kutambaa papangwe kipande cha barabara cha kupeperusha, au kituo cha kuzima.

Fedha taslimu zinazochangwa njiani ziwekwe kwenye ndoo zilizofungwa kwa lakiri yenye namba, zihesabiwe na watu wawili wasio na undugu, na kiasi kitangazwe siku hiyohiyo. Mzozo wa ndoo moja umevunja klabu nyingi kuliko ajali.

Linalobaki ni lile ambalo hata waandaaji wazuri hulisahau. Orodha ya Septemba haina watoto wa Desemba. Kuna anayetolewa kwao tarehe 22, kuna wa usiku wa tarehe 24, akifika kwa mlezi asiyemjua akiwa na nguo alizovaa. Kwa hiyo kati ya zawadi 200, 20 zisigawiwe. Zifungwe kwa rangi moja, ziwekwe kwenye kabati la afisa wa zamu pamoja na mabegi matatu au manne, kila moja ikiwa na lebo ya penseli inayoweza kufutwa: «msichana 12 hadi 14, betri zimo ndani», «mvulana 5 hadi 7, hakuna vipande vidogo». Ufunguo wa kabati uwe kwa anayeshika simu usiku.